“Iwashe tu, tutaelewana”: Kisa cha fundi kompyuta anayejitegemea na diski ya ofisi ya uhasibu

Kisa hiki kimeandikwa kwa ridhaa ya fundi na ya mteja wake. Majina, mahali, jina la programu ya uhasibu na kila kitu kinachoweza kuwatambulisha vimeondolewa, na fedha nimezieleza kwa uwiano tu. Nimekichagua kwa sababu fundi huyu, kwa upande wa ufundi, alifanya karibu kila jambo inavyotakiwa. Hata hivyo kidogo tu apoteze mteja, malipo na sifa kwa mpigo mmoja. Kilichomponza ni imani iliyoenea sana katika kazi hii, kwamba kuchunguza tatizo ni utangulizi wa kazi na kwamba kazi yenyewe huanza pale bisibisi inaposhikwa. Mimi nasema uchunguzi ndio kazi kubwa kuliko zote, una bei yake na mipaka yake, na lazima uandikwe.

Usuli wa fundi

Fundi aliacha ajira katika idara ya teknolojia ya kampuni moja na kufungua karakana yake. Kazi za mwanzo zilikuwa zile zile za kila fundi anayeanza: kubadilisha skrini za laptopu na tundu la chaja, kusafisha feni na kupaka pasta mpya ya joto, kuongeza ramu, kuondoa virusi, kuweka Windows upya. Kila kazi ilikuwa na bei yake moja isiyobadilika, na mlangoni aliandika kwamba uchunguzi ni bure.

Wateja walikuja wengi. Fedha zilibaki kidogo. Kwa miezi kadhaa aliamini kwamba bei zake ziko chini, mpaka alipoanza kuandika kila saa ya kazi na imetumika wapi. Karibu nusu ya saa zake haikuwa na mtu wa kuilipia. Zilikwenda kwenye simu za kueleza, kwenye kutafuta vipuri, kurudia kazi ambazo mteja aliharibu tena, na zaidi ya yote kwenye uchunguzi. Mtu analeta mashine inayojizima mara moja kwa siku. Kuijaribu ramu peke yake kwa programu kama MemTest86 kunaweza kuchukua saa nyingi, na kosa la namna hiyo halijitokezi kwa kuitwa. Baada ya siku mbili fundi anajua tatizo ni nini, anamwambia mteja, mteja anashukuru, anachukua mashine na jibu lake, anakwenda kutengenezewa kwingine kwa bei nafuu.

Hesabu hapa haina siri. Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki na zinazolipwa ni 20, kila saa inayolipwa inabeba mgongoni saa nyingine isiyolipwa. Anayepanga bei yake kwa kulinganisha na mshahara wa saa aliokuwa akipata kazini atakuwa amejikata nusu ya kipato tangu siku ya kwanza, kabla hajalipia pango, vifaa na kodi.

Usuli wa mteja

Mteja ni ofisi ndogo ya uhasibu yenye wafanyakazi sita na kompyuta saba. Ile ya saba ndiyo waliyoiita seva, ingawa ilikuwa kompyuta ya kawaida ya mezani yenye Windows na diski moja ya kuzunguka. Juu yake lilikaa folda la pamoja na hifadhidata ya programu ya uhasibu iliyotumiwa na wote. Kulikuwa na diski ya nje ya bakapu iliyochomekwa hapo muda wote, na mkurugenzi alikuwa na folda lake lililosawazishwa na wingu. Msaidizi wa kompyuta aliyeviweka vyote hivyo alishaondoka, na hakuna aliyechukua nafasi yake. Ofisi nyingi za ukubwa huu huendeshwa hivyo hivyo, na hudumu miaka bila tatizo. Ndiyo maana hakuna anayeshtuka mapema.

Yaliyotokea

Simu ilikuja mwisho wa mwezi, siku za kufunga hesabu. “Kompyuta kubwa imekuwa nzito.” Fundi aliuliza maswali mawili matatu, akadhani ni Windows iliyochoka, akataja bei ya kusafisha na kuweka mfumo upya. Bei ile, iliyotajwa kwa simu kabla ya kuona mashine, ndiyo iliyokuja kuzua mgogoro wote, na tutairudia.

Alipofika alikuta mashine inachukua dakika nyingi kufungua faili moja. Wafanyakazi walikuwa wameshaizima na kuiwasha mara kadhaa, na kila ilipowaka Windows ilianza yenyewe kukagua diski. Usiku uliotangulia waliiacha iendelee hadi asubuhi, wakiamini inajitengeneza.

Fundi hakuendelea na kazi aliyoitiwa. Alisoma kwanza taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski yenyewe hujiwekea kuhusu afya yake. Kuna namba tatu ambazo fundi yeyote anapaswa kuzitazama kabla ya nyingine: namba 5 inayoonyesha sekta mbovu (sekta ni vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) ambazo tayari zimebadilishwa na za akiba, namba 197 inayoonyesha sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri hatima yake, na namba 198 inayoonyesha zile zilizoshindikana kabisa. Namba 197 ilikuwa kubwa. Aliisoma tena baada ya muda mfupi, ikawa imeongezeka. Uzito wa kompyuta haukutoka kwenye Windows hata kidogo. Diski ilikuwa inarudia kusoma sekta ile ile mara nyingi kabla ya kukata tamaa, na mfumo mzima ukasimama kuisubiri.

Akaizima. Hapo ndipo mkurugenzi aliposema maneno niliyoyaweka kwenye kichwa cha habari: “Fundi, iwashe tu tumalize hesabu za mwezi huu, mengine tutaelewana.”

Fundi alikataa. Alieleza kwamba kila dakika diski hiyo inapozunguka inaweza kuwa ya mwisho, akaomba kuona bakapu. Diski ya nje ilikuwa imejaa. Nakala ya mwisho iliyokamilika ilikuwa ya miezi mitano nyuma, na tangu hapo programu ya bakapu ilikuwa ikitoa onyo kila wiki, na kila wiki mtu alilifunga lile dirisha ili aendelee na kazi. Folda la wingu lilikuwa na nyaraka za mkurugenzi peke yake. Hifadhidata haikuwemo.

Mkurugenzi alikubali diski ichukuliwe. Walikubaliana kwa mdomo kwamba fundi “atajaribu kuokoa”. Hakuna aliyesema kwa bei gani, kwa muda gani, au itakuwaje isipookoka yote.

Karakanani fundi aliiunganisha diski moja kwa moja kwenye kiunganishi cha SATA, kile cha diski za ndani, cha kompyuta ya kazi, bila adapta ya USB, kwa kuwa adapta nyingi huganda zinapokutana na sekta isiyosomeka. Akatumia GNU ddrescue kunakili diski nzima kwenye diski nyingine yenye nafasi kubwa zaidi. Sifa ya programu hii ni mpangilio wake wa kazi. Hukusanya kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi na kuruka yale magumu, kisha hurudi kwenye magumu kidogo kidogo, na kila hatua huiandika kwenye faili ya ramani, hivyo kazi ikikatika inaendelea pale ilipoachia. Sehemu kubwa ya diski ilinakiliwa siku ya kwanza. Mabaki yalichukua siku tatu zaidi, huku diski ikipulizwa na feni na kupumzishwa mara kwa mara.

Asilimia iliyookolewa ilikuwa ya kupendeza sana, na fundi alimtumia mkurugenzi habari hiyo kwa furaha. Lilikuwa kosa la mawasiliano. Diski ya terabaiti 1 ina karibu sekta bilioni 2 za baiti 512. Zikikosekana sekta 4,000, ambazo ni takriban megabaiti 2 tu, bado utasema kwa haki kabisa kwamba umeokoa zaidi ya asilimia 99.99. Lakini zikiwa ndani ya faili ya hifadhidata, programu inaweza kukataa kuifungua kabisa. Ndivyo ilivyokuwa. Mashimo yaliangukia pale pale kwenye faili iliyosomwa na kuandikwa kila siku.

Wokovu ulitoka pasipotarajiwa. Fundi aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kubeba data kwenda nayo nyumbani, na mhasibu mmoja akakumbuka kwamba wiki tatu nyuma aliinakili hifadhidata kwenye laptopu yake ili afanye kazi wikendi. Nakala ile ilifunguka. Wiki tatu zilizokosekana ziliingizwa upya kutoka kwenye stakabadhi na taarifa za benki, na ofisi ilichelewa kufunga mwezi lakini ilifunga.

Kisha ikaja ankara. Ilikuwa mara nne ya bei iliyotajwa kwa simu.

Maamuzi ya kiufundi, na sababu zake

Uamuzi wa kutowasha tena mashine ndio bora kuliko yote katika kisa hiki, na ulifanywa mbele ya mteja aliyekuwa na haraka ya kweli. Ukaguzi wa diski ambao Windows huufanya umekusudiwa kurekebisha mpangilio wa faili kwenye diski iliyo nzima. Kwenye diski inayokufa huongeza usomaji wa nguvu mahali pasipostahimili, na katika kupatanisha rekodi zake unaweza kukata faili vipande na kuvitupa kwenye folda la mabaki. Usiku ule mmoja wa ukaguzi huenda ndio uliozidisha uharibifu wa hifadhidata, ingawa hakuna namna ya kuuthibitisha baada ya tukio.

Kunakili kwanza na kutengeneza baadaye, tena kutengeneza kwenye nakala ya nakala, nako kulikuwa sahihi. Fundi aliandika kwa kalamu juu ya diski zote mbili ipi ni chanzo na ipi ni pokezi kabla ya kuandika amri, na akaikagua amri mara mbili, kwa kuwa kubadilisha mahali majina mawili kwenye mstari mmoja kunaweza kufuta kile ulichokuja kukiokoa. Tahadhari hii inaonekana ya kitoto mpaka usiku wa uchovu ufike.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu zaidi: aendelee mwenyewe au aipeleke diski kwenye maabara ya uokoaji data yenye chumba kisicho na vumbi. Kama ingekuwa inagonga kwa sauti au haionekani kabisa, asingeigusa. Ilikuwa inasomeka na haina sauti, hivyo kujaribu kulikuwa na mantiki. Alimpigia mkurugenzi akamweleza njia zote mbili, pamoja na ukweli kwamba kadiri yeye anavyoendelea ndivyo nafasi ya maabara inavyoweza kupungua. Mkurugenzi akasema aendelee. Hili lilikuwa jambo la haki na la kitaalamu, lakini lilifanyika kwa simu bila ujumbe hata mmoja wa maandishi kulithibitisha. Wiki mbili baadaye, katika mabishano ya ankara, mkurugenzi hakulikumbuka. Sidhani alikuwa anadanganya. Mtu aliyepata habari mbaya huku wateja wake wanamsubiri hakumbuki sentensi ya pili ya maelezo ya kiufundi.

Mgogoro wa ankara

Hoja ya mkurugenzi ilikuwa mbili: bei uliyotaja ni nyingine, na data yangu haikurudi yote. Hoja ya fundi ilikuwa moja: hizi ni saa zangu, na bila mimi msingejua hata kwamba diski inakufa. Ukizisikiliza kwa utulivu, zote zina ukweli. Mkurugenzi alikuwa ananunua data. Fundi alikuwa anauza juhudi. Hakuna siku walipokaa na kukubaliana ni kipi kati ya hivyo viwili kinalipiwa.

Fundi alifanya jambo ninaloliheshimu. Hakupunguza bei kwa hasira wala kushikilia diski ya mteja kama rehani. Alirudisha diski ya zamani na data yote iliyookolewa siku hiyo hiyo, kisha akatuma ankara mpya iliyochanganuliwa: uchunguzi, ununuzi wa diski, unakili, urejeshaji, safari. Aliondoa pia saa ambazo mashine ilifanya kazi peke yake usiku. Zilikuwa zimehesabiwa kama za mtu aliyekaa kitini, na alipotazama vizuri aliona si haki. Kilichobaki kilikuwa kama nusu ya ankara ya kwanza. Mkurugenzi alikilipa chote.

Kuhusu rehani nisimame kidogo, kwa sababu mafundi wengi hulichukulia jambo hili kuwa la kawaida. Kushikilia kifaa mpaka malipo yafanyike kuna taratibu zake za kisheria zinazotofautiana kutoka nchi hadi nchi, na fundi anapaswa kuzijua za kwake. Kushikilia data ya wateja wa mteja wako ni jambo jingine. Ndani ya diski ile kulikuwa na mishahara na madeni ya watu ambao hawakuwahi hata kusikia kwamba fundi yupo. Hao hawana mgogoro naye.

Nakala iliyobaki karakanani nayo ilihitaji uamuzi. Aliisimba, yaani aliifunga isisomeke bila ufunguo, akakubaliana na mkurugenzi tarehe ya kuifuta, na ilipofika aliijaza diski nzima maandishi mapya yanayofunika data ya zamani, akamtumia taarifa. Kwa diski ya kuzunguka hilo linatosha kwa matumizi ya kawaida. Kwa SSD, yaani diski isiyozunguka, kuandika juu hakuna uhakika huo huo, kwani kidhibiti chake hugawa maandishi kwenye maeneo kinayoyachagua chenyewe, hivyo ni lazima kutumia amri ya ufutaji salama ya diski hiyo, au kuwa uliisimba tangu mwanzo.

Kutoka fundi hadi mshauri

Mafundi wengi wangempa mteja mkataba wa matengenezo siku ile ile ya majanga, wakati ameshikwa na hofu. Huyu alisubiri mpaka ankara ilipolipwa. Aliniambia kwamba pendekezo linaloletwa juu ya deni husomeka kama sharti, na mimi nakubaliana naye. Alichopendekeza kwanza kilikuwa kidogo: ukaguzi wa ofisi nzima, kwa bei moja iliyoandikwa, na mwisho wake ripoti ya kurasa tatu ambayo mkurugenzi anaweza kuichukua na kuipeleka kwa fundi yeyote.

Ripoti hiyo ndiyo iliyobadilisha uhusiano wao. Iligundua kwamba domeni ya ofisi, yaani jina ambalo tovuti na barua pepe zote zinalitegemea, lilisajiliwa kwa akaunti binafsi ya yule msaidizi aliyeondoka, na tarehe ya kulipia upya ilikuwa karibu. Kama ingepita bila mtu kujua, barua pepe za ofisi zingekatika, na jina lingeweza hatimaye kuchukuliwa na mwingine. Iligundua kwamba laptopu mbili zilikuwa zimesimbwa kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski, na hakuna aliyejua funguo zake za tarakimu 48 ziko wapi. Mabadiliko kama ya ubao mama au ya programu ya ndani ya mashine yanaweza kuifanya Windows idai funguo hizo, na bila ya funguo data haipatikani kwa mtu yeyote, hata fundi hodari kiasi gani. Zilipatikana kwenye akaunti za Microsoft za wafanyakazi wenyewe na zikachapishwa.

Halafu kulikuwa na suala la Windows 10. Microsoft ilihitimisha usaidizi wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai, pamoja na mengine, moduli ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji kilichomo kwenye orodha iliyoidhinishwa. Ingekuwa rahisi kumwambia mteja mwenye hofu anunue kompyuta saba. Fundi alizipima moja moja. Nne zilikidhi vigezo, na mbili kati yake zilihitaji tu TPM iwashwe kwenye mipangilio ya ndani. Tatu hazikukidhi, ikiwemo ile iliyoitwa seva. Alishauri tatu zibadilishwe kwa awamu, seva ikitangulia, na akaeleza kwa maandishi kwamba kwenye ununuzi huo hachukui kamisheni ya muuzaji yeyote.

Bakapu ilipangwa kwa kanuni inayojulikana ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya ofisi. Diski mbili za nje zilianza kupokezana, moja ikiwa imechomolewa wakati wote, kwa kuwa kirusi kinachofunga faili na kudai fidia hufunga pia diski yoyote iliyochomekwa. Fundi alisisitiza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko vifaa vyote. Kila mwezi faili moja ya hifadhidata hurejeshwa kutoka kwenye bakapu na kufunguliwa mbele ya mhasibu, na mhasibu huweka saini kwamba ameiona. Ofisi ile ilikuwa na bakapu hata kabla ya majanga. Hakukuwa na mtu aliyeifungua.

Matokeo

Ofisi ilisaini mkataba wa mwezi kwa mwezi: kiasi kisichobadilika kwa idadi maalumu ya saa, kazi za ziada kwa bei iliyotajwa humo humo, na kila upande una haki ya kuvunja mkataba kwa taarifa ya siku 30. Baadaye ofisi nyingine mbili zilikuja kwa maneno ya mkurugenzi huyo huyo. Fundi hakuacha kazi za mezani, lakini mikataba ndiyo inayolipa sasa pango na bili, na laptopu anazichagua.

Neno “uchunguzi ni bure” liliondolewa mlangoni. Mahali pake kuna ada ya uchunguzi inayolipwa mwanzoni, ambayo hukatwa kwenye bei ya matengenezo mteja akiendelea. Wateja walipungua kwa muda. Waliobaki walikuwa wale waliotaka mashine yao itengenezwe.

Fomu ya mapokezi aliyoitunga baada ya kisa hiki ni ya ukurasa mmoja, na nimeomba ruhusa ya kunukuu moyo wake:

“Ninalipia uchunguzi. Uchunguzi ukionyesha tatizo tofauti na nilivyoeleza, fundi atasimama na kunitumia bei mpya kwa maandishi, na hataendelea bila jibu langu la maandishi. Katika kuokoa data ninalipia juhudi, na nimeelezwa kwamba matokeo hayana uhakika. Nina bakapu / Sina bakapu / Sijui. Kifaa kimesimbwa: Ndiyo / Hapana / Sijui. Faili ninayoihitaji kuliko zote ni: ______.”

Uchambuzi

Nianze na mstari wa mwisho wa fomu, kwa sababu ndio unaonyesha kwamba fundi alielewa kilichotokea. Kama swali lile lingeulizwa siku ya kwanza, angejua kwamba ofisi nzima inasimama juu ya faili moja. Angeweza kuanza na eneo la faili hiyo mara tu orodha ya faili iliposomeka, kisha maeneo mengine yakafuata. Angeuliza pia mapema zaidi kuhusu nakala zilizotapakaa kwenye laptopu za watu. Siku zile za kukwangua sekta za mwisho zingeweza kuwa chache, kwani nakala ya mhasibu ilikuwepo tangu saa ya kwanza. Ustadi wa chombo ulimfanya aende kwenye diski kabla ya kumaliza kuzungumza na watu.

Bei ya kwenye simu ilishindikana kwa sababu iliyo dhahiri, lakini nadhani kuna sababu ya ndani zaidi. Mteja anayesema “kompyuta nzito” anataja dalili kwa lugha ya ugonjwa anaoujua. Fundi aliyejibu kwa bei alikuwa ameukubali ugonjwa huo bila kuuona. Tangu hapo kila alichogundua kilionekana kwa mteja kama nyongeza juu ya makubaliano, ilhali makubaliano yenyewe hayakuwa na msingi. Jibu linalofaa kwenye simu ni bei ya kuja kutazama, basi.

Lililofaa kuliko yote katika upande wa biashara ni lile ambalo mwanzoni lilionekana la hasara: kuweka kila kitu kwenye jina la mteja. Domeni, leseni, akaunti za wingu, funguo za BitLocker, nywila za ruta, vyote vilisajiliwa kwa ofisi na kukabidhiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Fundi mwenzake alimwambia kwamba anajitoa kafara, kwamba mteja asiye na mnyororo huondoka. Mkataba wao unaweza kuvunjwa kwa siku 30 na mpaka naandika haujavunjwa. Siwezi kudai kwamba kisa kimoja kinathibitisha kanuni, lakini nimeona vya kutosha vya aina ya yule msaidizi wa kwanza, aliyeondoka na domeni mfukoni bila hata nia mbaya, kujua ni njia ipi inayomwacha mteja pabaya.

Kipengele cha mkataba kinachonitia shaka ni idadi ya saa. Iliwekwa kwa makadirio ya mwezi mmoja wa baada ya majanga, wakati kila mtu alikuwa makini. Miezi yenye wafanyakazi wapya au mashine mpya huvuka kiwango, na fundi amekuwa akisita kutoza ziada iliyoandikwa kwenye mkataba wake mwenyewe. Ile tabia ya zamani ya kutoa saa bure imerudi kwa mlango mwingine. Nimemshauri atume kila mwisho wa mwezi orodha ya saa zilizotumika hata kama hakuna ziada ya kulipia, ili siku ziada ikitokea isiwe habari mpya.

Na kuna jambo ambalo halijapata ufumbuzi. Anayejitegemea ni mtu mmoja. Akiugua juma ambalo seva ya mteja imesimama, mkataba wake hausemi nani atakwenda. Amezungumza na fundi mwingine wa kuaminika wabadilishane dharura, kila mmoja akiwa na maelezo mafupi ya ofisi za mwenzake, bila nywila, ambazo zitabaki kwenye bahasha kwa mteja. Makubaliano hayo yameandikwa lakini hayajajaribiwa. Nimependekeza wayajaribu kama wanavyoijaribu bakapu: wachague siku ya kawaida, yule mwenzake aende ofisini peke yake na karatasi ile tu, na waone anakwama wapi.